Mtoto Asiyetulia: Tumfundishe Vipi Nyumbani?

"Nesi, mwanangu huyu hatulii. Ukimkalisha afundishwe, dakika mbili tu kaondoka." Maneno ya namna hii tunayasikia mara kwa mara sisi tunaohudumu kliniki ya watoto, na tunayasikia tena siku ya Jumapili akina mama wanapokuja kuwachukua watoto wao baada ya mafundisho. Wengine huyasema wakicheka. Wengine huyasema kwa sauti ya chini, wakitazama pembeni, kwa sababu wamekwisha kuchoka na wanaogopa kwamba mtoto wao hatafika popote.

Kwa akina mama hao ndipo tumeona vema kuandika makala hii. Tunamzungumzia mtoto wa kati ya miaka minne na minane, mwenye afya na nguvu tele, ambaye akili yake huhama upesi kama ndege juu ya mti. Anaanza kuandika herufi, mara anasikia kuku, anatoka. Anatumwa chumvi, anarudi na kijiti alichookota njiani. Anauliza swali, na kabla hujajibu ameuliza jingine.

Mama ni mwalimu wa kwanza wa mtoto huyu, apende asipende. Jambo hilo lilidhihirika wazi mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulipofunga shule. Tanzania shule zilifungwa Machi 17, na watoto wa shule za msingi hawakurudi madarasani hadi Juni 29. Kenya watoto wengi walikaa nyumbani hadi Januari 2021. Akina mama ambao hawakuwahi kushika chaki walijikuta wamekuwa walimu, na wengi wao ndipo walipoona kwa macho yao jinsi mtoto wao asivyoweza kukaa mahali pamoja. Siku hizi shule ziko wazi, nasi hatumshauri mzazi amwondoe mtoto shuleni; sheria inataka mtoto wa umri wa shule aandikishwe, na shule ina mema yake mengi. Lakini kumfundisha nyumbani, kabla hajaanza darasa la kwanza na hata jioni baada ya masomo, kunabaki kuwa kazi yetu. Mwalimu mwenye watoto wengi darasani hana nafasi ya kumfuata mmoja anayetangatanga. Mama anayo.

Utundu wa kawaida, au kuna zaidi?

Mtoto mdogo kuchangamka ni dalili ya afya. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linasema mtoto wa miaka mitatu na minne anahitaji kucheza na kujishughulisha kwa mwili kwa saa 3 au zaidi kila siku. Kwa hiyo mama anayemtaka mtoto wa miaka minne akae kimya asubuhi nzima anamtaka kitu ambacho mwili wake haukuumbwa kukifanya.

Hata hivyo wapo watoto ambao kutotulia kwao kumepita kiasi cha umri wao. Hali hii madaktari wanaifahamu tangu zamani. Mwaka 1902 daktari wa watoto wa Uingereza, George Still, alitoa mihadhara jijini London akieleza habari za watoto wenye akili nzuri ambao hawakuweza kujizuia wala kuushikilia moyo wao katika jambo moja. Siku hizi hali hii hujulikana kwa kifupi cha herufi ADHD. Mtoto hahesabiwi kuwa nayo kwa sababu ya siku moja mbaya. Kwa mtoto, mwongozo unaotumiwa na madaktari wengi wa magonjwa ya akili, uliotolewa Marekani mwaka 2013, unataka zionekane dalili zisizopungua 6 kwa muda wa miezi 6 au zaidi, ziwe zimeanza kabla ya umri wa miaka 12, na zionekane mahali zaidi ya pamoja, yaani nyumbani na shuleni pia. Mtoto anayewasumbua wazazi nyumbani tu, na shuleni ametulia tuli, shida yake tuitafute kwingine.

Wavulana ndio hugunduliwa zaidi, kwa sababu wao hukimbia na kuruka. Msichana anaweza kukaa kimya kabisa, macho yamekutazama, kumbe mawazo yako mbali. Huyo husahaulika, na mara nyingi huitwa mvivu.

Hali hii kwa sehemu kubwa ni ya kurithi. Ukiuliza vizuri katika ukoo utaambiwa kwamba baba au mjomba naye alikuwa hivyo hivyo. Watoto waliozaliwa njiti wana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa nayo. Haitokani na laana wala kurogwa, na mama asikubali kuambiwa kwamba imetokana na malezi yake mabaya. Wapo pia wanaosema sukari ndiyo inayomfanya mtoto aruke ruke. Uchunguzi uliofanywa haukuthibitisha jambo hilo, ingawa pipi zinaharibu meno na tungefurahi zikipunguzwa.

Kwanza apimwe

Kabla ya kuamua kwamba mtoto ni mtukutu au mkaidi, hapana budi tuhakikishe mwili wake hauna kasoro inayomzuia kusikiliza.

Tuanze na masikio. Aliletwa kwetu msichana wa miaka mitano ambaye nyumbani walimwita mkaidi, kwa kuwa aliitwa mara tatu bila kuitika. Tulisimama nyuma yake tukamwita kwa kunong'ona, hakugeuka. Tulipomtazama tukakuta sikio moja linatoa usaha, na mama akasema usaha huo huja na kwenda tangu mtoto akiwa na miaka miwili. Mtoto yule alikuwa hasikii vizuri. Alipelekwa hospitali akatibiwa, na nyumbani wakaanza kumsogelea na kumtazama usoni kabla ya kusema naye. Ukaidi ule ukapungua bila mtu yeyote kuuadhibu.

Tena yako macho. Mtoto asiyeona vizuri kilichoandikwa atakiacha na kwenda kutafuta kinachoonekana. Iko pia damu: mtoto mwenye upungufu wa damu huchoka upesi na umakini wake huwa mdogo. Mtazame viganja na ndani ya kope za chini, kama ni vyeupe mlete apimwe. Minyoo hunyonya damu na chakula, kwa hiyo dawa ya minyoo apewe kama wahudumu wa afya wanavyoelekeza. Mtoto aliyewahi kupata malaria kali iliyopanda kichwani, hata akapoteza fahamu, afuatiliwe kwa karibu. Uchunguzi uliofanywa Uganda kwa watoto waliopona ugonjwa huo ulionyesha kwamba baadhi yao walibaki na udhaifu wa kumbukumbu na umakini.

Iko aina ya kifafa ambayo haiangushi mtoto. Yeye huganda tu macho wazi kwa sekunde chache, haitiki hata ukimgusa, kisha huendelea kama kwamba hapakutokea kitu. Watu husema anaota ndoto za mchana. Ukiona hivyo mara nyingi kwa siku, usimgombeze. Mlete kwa daktari.

Mwisho ni usingizi. Mtoto wa miaka mitatu na minne anahitaji kulala saa 10 hadi 13 kwa siku nzima, akihesabiwa na usingizi wa mchana. Wa umri wa shule anahitaji saa 9 hadi 12 usiku. Mtu mzima asiyelala vizuri husinzia, lakini mtoto asiyelala vizuri mara nyingi huzidi kurukaruka na kulialia. Katika nyumba ambako televisheni huwaka hadi saa tano za usiku na simu ya mama ndiyo kibembelezo, tusishangae mtoto akishindwa kutulia asubuhi. Mwongozo ule wa mwaka 2019 unasema mtoto wa miaka mitatu na minne asitazame televisheni au simu zaidi ya saa 1 kwa siku, na ikiwa chini ya hapo ni bora zaidi.

Mama aliyemwamini mwanawe

Katika karne ya 19 huko Marekani, katika mji wa Port Huron, jimbo la Michigan, alikuwako mvulana mwenye maswali mengi ambaye shule ilimshinda. Mwalimu wake alimwona kuwa kichwa chake kimevurugika. Mama yake, Nancy Edison, ambaye zamani alikuwa mwalimu, alimtoa shuleni baada ya miezi michache tu akamfundisha mwenyewe nyumbani. Alimsomea vitabu, akampa kitabu cha majaribio ya sayansi, akamruhusu kuyajaribu yale aliyoyasoma. Mtoto huyo ndiye Thomas Edison, aliyezaliwa mwaka 1847, ambaye baadaye alivumbua mashine ya kunasa sauti mwaka 1877 na kutengeneza taa ya umeme iliyofaa kutumiwa majumbani mwaka 1879. Naye masikio yake hayakuwa mazima tangu utoto.

Hatusemi kwamba kila mtoto mtukutu atakuwa mvumbuzi. Tunalotaka mama mwenzetu aone ni kile alichokifanya yule mama. Aliufuata udadisi wa mwanawe, akampa kitu cha kushika mikononi, na hakukubali kwamba neno la mwalimu mmoja ndilo neno la mwisho.

Neno hilo lina uzito kuliko tunavyodhani. Mama mmoja tunayemfahamu, ambaye huuza maandazi asubuhi, alikuwa na mvulana wa miaka sita aliyeadhibiwa karibu kila siku kwa kutokumaliza kazi yake ya darasani. Siku moja mama alimwambia, "Mwanangu, kaa chini usome, utakuwa daktari." Mtoto akajibu, "Mimi mjinga, mama. Wajinga hawawi madaktari." Alisema bila kulia, kama mtu anayetaja jina lake. Mama yule alituambia kwamba maneno hayo yalimuumiza kuliko malalamiko yote ya shule. Na kweli, madhara makubwa ya hali hii mara nyingi hayatokani na kurukaruka kwenyewe. Hutokana na yale mtoto anayoambiwa kila siku mpaka anayaamini.

Tulikaa naye tukapanga namna ya kumfundisha mtoto yule nyumbani. Mambo yafuatayo ndiyo tuliyoyapanga, na tumeyaona yakiwasaidia wengine pia.

Somo liwe fupi

Mtoto huyu hafundishiki kwa saa nzima. Dakika 10 zinamtosha, na kwa kuanzia hata 5 zinafaa. Mama atumie kengele ya simu, au amwonyeshe mtoto mshale wa saa ya ukutani: "Ukifika hapa, tumemaliza." Kengele ikilia, acheni, hata kama mtoto bado anataka. Akiondoka akiwa bado ana hamu, kesho atarudi mwenyewe.

Kabla ya somo apewe kazi ya mwili. Achote maji kwa kidoo chake, afagie uwanja, au azunguke nyumba mara tatu kwa mbio. Watu wengi humwambia mtoto, "Tulia kwanza, halafu utacheza." Kwa huyu geuza: acheze kwanza, ndipo ataweza kutulia.

Ratiba ya mvulana yule siku za likizo ilikuwa hivi. Saa 2:30 asubuhi, mama akisha kurudi kutoka kuuza maandazi na mtoto amekunywa uji, anachota maji. Saa 2:45 herufi, dakika 10. Kisha analisha kuku na kucheza. Saa 3:15 hesabu, dakika 10. Halafu anakwenda kucheza na wenzake. Saa 10 za jioni hadithi, dakika 10. Jumla ni nusu saa kwa siku, lakini kila siku, kwa wakati ule ule. Siku za shule walifanya vipindi viwili vya jioni, baada ya kula na kucheza, kabla giza halijaingia. Haba na haba hujaza kibaba.

Mahali pa kusomea pawe pamoja, penye kona tulivu, mtoto akielekea ukuta na si barabara. Mkekani au kwenye meza kiwepo kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Vitabu, kalamu na vinyago vyote vikiwa mbele yake, kila kimoja kitamwita. Redio izimwe. Na kama anasoma vizuri zaidi akiwa amesimama au amelala kifudifudi, mwache. Tunachotaka ni akili yake, si makalio yake.

Herufi za kugusa

Mwaka 1907 daktari mmoja mwanamke wa Italia, Maria Montessori, alifungua nyumba ya kulelea watoto katika mtaa wa watu maskini jijini Roma. Watoto wake walikuwa wale ambao wazazi wao walikwenda kazini na kuwaacha wakirandaranda. Aliona kwamba mtoto mdogo hujifunza kwa mikono yake, akakata herufi kutoka karatasi ya msasa na kuzibandika kwenye vibao. Mtoto alipitisha kidole juu ya herufi huku akitamka sauti yake. Kidole, jicho na sikio vyote vikafanya kazi pamoja. Njia hii bado inafundishwa ulimwenguni kote, na hapa kwetu pia ziko shule za watoto wadogo zinazoifuata.

Sisi hatuhitaji kununua vifaa. Kipande cha msasa kutoka kwa fundi seremala kinatosha. Sinia yenye mchanga mkavu au unga kidogo ni ubao mzuri: anaandika kwa kidole, anatikisa, kumefutika. Aandike kwa kijiti chini uwanjani, kwa chaki sakafuni, hata kwa brashi na maji ukutani. Herufi kubwa ichorwe ardhini naye aitembee kwa miguu. Mtoto aliyeshindwa kuandika mistari miwili ndani ya daftari anaweza kuandika herufi ishirini mchangani bila kunung'unika.

Lugha yetu nayo inatusaidia sana. Katika Kiswahili herufi husomwa kama zinavyoandikwa, na irabu ni tano tu: a, e, i, o, u. Mfundishe mtoto sauti za irabu hizo mpaka azijue kabisa. Kisha ongeza konsonanti moja, m: ma, me, mi, mo, mu. Halafu t: ta, te, ti, to, tu. Kwa herufi hizo saba tu mtoto tayari anaweza kusoma mama, mimi, moto, mate, toa, tia, ita, tuma na tumia. Msomeshe maneno haya mapema, asikae miezi mingi akiimba silabi zisizo na maana. Mtoto asiyetulia anahitaji kuonja tunda la kazi yake leo hii. Sauti ngumu kama ng', mb, nd, sh na ch zije baadaye. Akichanganya b na d usishtuke. Watoto wengi wa umri huo hufanya hivyo.

Andika amri fupi kwenye vipande vya karatasi: ruka, kaa, imba, lete kiti. Avute kimoja, asome, atende. Hapo kurukaruka kwake kumekuwa somo.

Hesabu za uwanjani

Hesabu pia zianze kwa vitu. Vizibo vya soda, maharage, mawe ya mdako, vyote vinafaa. Chora miraba kumi ardhini, kila mmoja na namba yake, umwambie: "Simama juu ya nne. Ruka mbele miraba mitatu. Uko wapi?" Anapotua juu ya saba amejumlisha bila kujua. Akirudi nyuma anatoa.

Kwa namba kubwa, mkusanyie vijiti na afunge kumi kumi kwa kamba. Kiswahili kinasema kumi na moja, kumi na mbili, nacho mtoto anakiona wazi: fungu moja la kumi, na kijiti kimoja pembeni. Apange sahani za watu wote wa nyumbani, ahesabu mayai, aende nawe dukani na kuhesabu chenji. Kazi za nyumbani zimejaa hesabu, tatizo ni kwamba tunazifanya sisi wenyewe kwa haraka naye tunamwambia aondoke njiani.

Kusikiliza nako hufundishwa. Jioni, vitendawili na hadithi za bibi zina faida kubwa, kwa kuwa mtoto hapaswi kukaa kama gogo; anaitikia, anabuni, anakosea, anatoa mji. Katikati ya hadithi simama umwulize, "Unadhani sungura alifanya nini?" Jibu lake litakuonyesha kama bado mko pamoja.

Maagizo, sifa na fimbo

Mama akipaza sauti kutoka jikoni, "Chukua kikombe uoshe, ukalete kanga yangu, ufunge na mlango," mtoto huyu atakumbuka kikombe tu, au hata hicho atakisahau. Msogelee, mguse bega, akutazame. Mpe agizo moja, kwa maneno machache, naye alirudie. Akisha litimiza, mpe la pili. Badala ya kumwambia "Acha!" mwambie unalotaka alifanye: "Tembea polepole," "Shika kwa mikono miwili."

Sifa itolewe papo hapo na iwe ya jambo maalumu. "Umekaa mpaka kengele ikalia, vizuri sana" inamsaidia kuliko "mtoto mzuri" ya jumla. Mvulana yule alikuwa na chupa ya plastiki. Kila kipindi alichomaliza alitia kifungo kimoja. Vikifika kumi, baba yake alicheza naye mpira. Zawadi haikugharimu hata shilingi, naye aliisubiri kama sikukuu.

Na fimbo je? Wazee wetu husema mchelea mwana kulia hulia yeye, na ni kweli kwamba mtoto huyu anahitaji mipaka iliyo wazi. Lakini mtoto anayechapwa kwa sababu akili yake imehama hajifunzi namna ya kuirudisha. Anajifunza kuogopa daftari, na kumwogopa aliyelishika. Adhabu ndogo ya mara moja, kama kukosa zamu ya mchezo au kukaa pembeni kwa dakika chache, inatosha, nayo ifuate kosa papo hapo, kwani ya jioni kwa kosa la asubuhi haielewi. Kufuga kondoo kunahitaji fimbo, lakini mchungaji mwema huitumia zaidi kuelekeza njia.

Nyumba nzima iwe na sauti moja. Mama akisema hapana, na bibi akisema mwacheni mjukuu wangu, mtoto hatajua ashike lipi. Baba naye asingoje kuitwa wakati wa kuadhibu tu. Dakika 10 za hadithi zinaweza kuwa zake.

Subira ya mama

Susanna Wesley wa Epworth, Uingereza, mama wa wahubiri John na Charles Wesley, alizaa watoto 19, na 10 kati yao ndio waliokua. Aliwafundisha mwenyewe nyumbani, karibu kila mmoja akianza akisha kutimiza miaka mitano. Karibu wote walizijua herufi kwa siku moja. Binti zake wawili walichukua siku moja na nusu, naye akawaona wazito. Baadaye alipoona watoto wengine wanachukua muda gani, akabadili mawazo yake juu yao. Nasi tukumbuke hilo tunapomlinganisha mtoto wetu na wa jirani. Mlinganishe na alivyokuwa mwezi uliopita.

Zipo siku ambazo hakuna kitakachofanyika. Mtoto anagaagaa, mama anaumwa kichwa, uji umeungua. Siku hiyo funga daftari, mwende mkachume mchicha pamoja. Mama aliyechoka sana apumzike, amwombe dada au mwenzake wa jumuiya amshikie mtoto kwa saa moja. Kumfundisha mtoto kama huyu ni kazi ya miaka, na aliyeianza kwa mbio huishia njiani.

Lini umwone daktari?

Mlete mtoto kituo cha afya kama umejaribu njia hizi kwa miezi kadhaa bila nafuu, kama shuleni nako hali ni hiyo hiyo, kama anajiumiza au kuwaumiza wengine, au kama amepoteza mambo aliyokuwa anayaweza, mfano kusema. Huyo wa mwisho asingoje hata wiki. Nenda na mifano: anafanya nini, saa ngapi, tangu lini, na mwalimu anasemaje. Zahanati itakupa rufaa kwenda hospitali kubwa inapobidi.

Ziko dawa zinazowasaidia baadhi ya watoto hawa, lakini Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba kuwafunza wazazi namna ya kumlea mtoto huyu kutangulie, na dawa zifikiriwe kwa mtoto aliyefikisha miaka 6 na kwa usimamizi wa mtaalamu. Usinunue dawa za usingizi dukani ili mtoto atulie. Kulala si kutulia, na dawa hizo zinaweza kumdhuru.

Yule mvulana wa maandazi bado anatembea na kuruka. Hajageuka kuwa mtoto mwingine. Baada ya likizo mbili alikuwa anasoma kwa sauti maandishi ya ubavuni mwa daladala, moja baada ya jingine, mpaka abiria wakacheka. Mama yake alikwenda kuzungumza na mwalimu, wakakubaliana akae mbele, na yeye ndiye awe wa kugawa madaftari, apate sababu halali ya kusimama. Bado husahau kalamu. Lakini neno lile la ujinga, mama anasema, ni muda sasa hajalisikia kinywani mwake.